Mechi tulizozipoteza kwa mikono yetu

Msimu wetu wa softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, umekwisha. Tumecheza mechi 14, tumeshinda 5, tumefungwa 9. Mimi ni nahodha wa timu ya wanawake ya ridhaa, sote tuna kazi na familia, na baada ya mechi ya mwisho nilikaa wiki mbili bila kugusa glavu. Kisha nikafungua daftari la matokeo, nikalisoma jioni nzima. Niliyoyakuta humo yamebadilisha kabisa mipango yetu, na kama nawe unaongoza timu ya namna hii, huenda yakakufaa.

Sisi tulikuwa tumeshajihukumu: tatizo letu ni kupiga. Basi kila siku ya mazoezi tulipanga foleni ya kushika gongo kwa saa nzima, halafu dakika kumi za kudaka pale mwisho, watu wamechoka na giza linaingia. Daftari lilisema vingine. Kati ya zile mechi 9, tulipoteza 6 kwa tofauti ya pointi moja au mbili. Nikazipitia awamu kwa awamu (awamu ni zamu moja ya kila timu kupiga, na mechi ina saba), nikipiga mstari mwekundu chini ya kila pointi ambayo wapinzani hawakuitolea jasho: mpira uliotuponyoka, mpira uliorushwa juu ya kichwa cha mtu wa besi ya kwanza (besi ni vile vituo anavyovipitia mkimbiaji ili apate pointi), mpigaji aliyepewa besi ya bure baada ya mipira minne mibaya. Katika kila moja ya mechi hizo sita, mistari myekundu haikupungua mitatu. Yaani tungeweza kupiga vilevile tulivyopiga, na bado tukashinda.

Mechi ya mwisho ndiyo inayoniuma zaidi. Awamu ya 7, tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana auti mbili, yaani wawili wao wameshatolewa na akitolewa wa tatu mechi imekwisha, na wana wakimbiaji wawili kwenye besi. Mpigaji wao akaupiga mpira juu, mpira mwepesi kabisa, ukaenda kuangukia kati ya wachezaji wetu wawili wa nyuma. Wote wawili waliukimbilia. Walipofika hatua tatu kutoka pale, kila mmoja akamtazama mwenzake, wote wakasimama. Mpira ukatua kwenye majani katikati yao. Hakuna aliyefungua kinywa. Baadaye mdogo wao alimwambia mwenzake, "Samahani dada, nilidhani unauchukua wewe." Na yule dada alikuwa amedhani hivyohivyo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: fundisheni sauti kabla ya kitu kingine chochote. Neno ni moja, "Yangu!", na linasemwa kwa kelele, mara mbili, mpira ukiwa bado juu. Watu wazima huona haya kupiga kelele mazoezini, na haya hiyo haiondoki kwa kuambiwa. Inaondoka kwa kurudia, mpira baada ya mpira, mpaka kunyamaza kuwe ndiko kunakoonekana ajabu.

La pili ni kuzoea haraka ya mchezo wenyewe. Kwenye softiboli besi ziko mita 18.29 tu kutoka moja hadi nyingine, wakati kwenye besiboli ya wakubwa ni mita 27.43. Mpira wa chini ukikuponyoka hata kidogo, mkimbiaji ameshafika. Sasa ukishajua hivyo unaingiwa na pupa, na pupa ndiyo iliyotutupia mipira nje ya uwanja. Tulichoanza kufanya ni hiki: mchezaji anadaka kwa mikono miwili, anapanga miguu, ndipo anarusha. Kama hawezi kumwahi mkimbiaji, asirushe kabisa. Mkimbiaji mmoja kwenye besi ya kwanza si msiba. Msiba ni kumrushia mpira ukapitiliza, naye akafika ya tatu.

Halafu kuna kufunika mgongo wa mwenzako. Nimewaonyesha wenzangu fainali ya Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, Japani ikiifunga Marekani 2–0. Awamu ya 6, mpigaji wa Marekani aliupiga mpira kwa nguvu, ukagonga mkono wa Yu Yamamoto aliyekuwa akilinda besi ya tatu, ukaruka. Mana Atsumi alikuwa pale pale jirani. Akaudaka kabla haujagusa ardhi, akarusha besi ya pili, zikawa auti mbili kwa pigo moja. Watu husema ni bahati. Mimi naona miguu ya Atsumi: ilikuwa imeshaanza kuufuata mpira ambao haukuwa wake.

Kuhusu mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, tulikosea na nakiri. Tulikuwa na mmoja tu msimu mzima. Kurusha kwa mkono wa chini, ule mzungusho kamili wa bega, kutoka mita 13.11 hadi kwa mpigaji, ni kazi ngumu, na kila mechi ilipofika awamu ya 5 ulimwona akishusha bega. Zile besi za bure nyingi ziliandikwa hapo. Msimtafute mrushaji wa pili msimu ukishaanza, maana mzungusho ule hauingii mwilini kwa wiki mbili. Sisi tumeshachagua wawili, wanarusha kila wiki tangu sasa.

Mvua na giza visiwe sababu ya kukaa. Mchezo huu ulizaliwa ndani ya ukumbi, Chicago, mwaka 1887, watu wakitumia glavu ya ndondi iliyofungwa kwa kamba kama mpira, na fimbo kama gongo. Nasi tunatumia ukumbi na mipira laini kweli, maana ule wa mechi, pamoja na jina la mchezo, ni mgumu, na mgeni aliyewahi kupigwa nao kifuani hufumba macho kila unapomjia. Mwache adake ule laini kwa mwezi mzima. Macho yakibaki wazi, mpe ule mgumu.

Matumaini yangu ya msimu ujao sikuyaandika kwa idadi ya ushindi. Nimeandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: mistari myekundu isizidi mmoja kwa mechi. Naamini tunaweza. Wale wachezaji wawili wa nyuma wameanza kukutana peke yao kabla ya mazoezi, mmoja anaurusha mpira juu, wote wanaukimbilia. Jumamosi iliyopita niliwasikia kabla sijawaona.