Barua kwa Shangazi: Beki tatu wa kwenye televisheni

Barua nyingi za mwezi huu zimekuja na malalamiko ya televisheni. Nimechagua tatu, kutoka Mbeya mjini, Makambako na Tukuyu, kwa sababu zote zinauliza jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipokuwa mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa kikundi cha maigizo katika sekondari ya wasichana: yule mwanamke tunayemcheka sebuleni, tunamchekea nini?

*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni binti wa miaka 20, kwetu ni Kilolo, nafanya kazi za ndani hapa Mbeya, maeneo ya Forest. Baba na mama wa hapa ni watu wema na mshahara napata kwa wakati. Shida yangu ni jioni. Kuna komedi ambayo watoto hawaikosi, na ndani yake yupo dada wa kazi katoka Iringa. Anaunguza wali, anaogopa pasi ya umeme, anamtega baba mwenye nyumba, na anaongea kwa lafudhi yetu, tena wameizidisha. Watoto wameanza kuniita kwa jina la yule dada na kuniiga ninavyoongea. Mama anacheka, anasema ni utani tu. Shangazi, nina kosa kuumia? Niseme au ninyamaze?

Marahaba, mwanangu. Huna kosa hata kidogo, na utasema. Nitakueleza namna ya kusema, ila kwanza nimzungumzie huyo dada wa kazi wa kwenye komedi, beki tatu kama wanavyomwita mtaani, maana namfahamu sana.

Televisheni ilianza kurushwa Tanzania Bara mwaka 1994. Tangu nilipoanza kuangalia vichekesho vya nyumbani nimekuwa nikimwona msichana huyu, na habadiliki. Anashuka kwenye basi na mfuko wa salfeti. Anashangaa friji. Anaulizwa kwao wapi, anajibu Iringa, na watu wanaanza kucheka kabla hajasema la pili. Baada ya hapo ana njia mbili: ama ni mjinga, ama ni mwizi wa waume za watu. Wakati mwingine anabebeshwa yote mawili ndani ya dakika ishirini.

Mwandishi anampenda kwa sababu ni rahisi. Komedi ya namna hii inachezwa kwenye chumba kimoja chenye sofa na mlango wa jikoni, na mambo lazima yaharibike na kutengenezeka kabla ya matangazo. Mhusika ambaye mtazamaji keshamjua haitaji kuelezwa. Mama mkwe mkali, mke mpenda hela, baba bahili, beki tatu mshamba: ukishawataja, nusu ya kazi imekwisha. Naelewa shida ya mwandishi huyo, nimehangaika nayo na wanafunzi wangu miaka mingi. Lakini nusu ya kazi anayoikwepa ndiyo nusu yenye mtu ndani yake.

Nimeangalia vichekesho vingi na sijawahi kuona ndani yake siku ya mshahara ya dada wa kazi. Sijamwona akipiga simu nyumbani. Sijamwona akihesabu hela ya sare ya mdogo wake au ya mfuko wa mbolea wa mama yake. Mimi ni mtu wa Mufindi na nimewafundisha wasichana wa Kilolo, Mufindi na Makete, nawajua kwa sura. Makete ukimwi uliacha yatima wengi, na wapo mabinti wakubwa waliopanda basi kwenda mjini ili wadogo zao wabaki darasani. Msichana aliyechukua uamuzi wa namna hiyo akiwa na miaka kumi na sita au kumi na saba si mjinga. Kaka zake wengi wasingeweza.

Na hilo la kumtega baba mwenye nyumba linaniuma kuliko la wali kuungua. Barua ninazoletewa mimi zinasema kinyume. Mlango unaogongwa usiku ni wa chumba cha dada, na anayegonga ana familia imelala chumba cha pili. Komedi inaligeuza jambo hilo juu chini, inamvika msichana kosa la mwanaume, halafu inatuomba tucheke. Mimi siwezi.

Kazi yako inawezaje kuchekesha bila wewe kudhalilishwa? Nitakupa mfano wa mbali. Marekani kati ya 1970 na 1977 kulikuwa na komedi iliyoitwa The Mary Tyler Moore Show, kuhusu mwanamke ambaye hajaolewa anayefanya kazi kwenye chumba cha habari cha kituo cha televisheni. Katika sehemu moja ya mwaka 1972 anagundua kwamba mwanaume aliyeshika nafasi yake kabla alilipwa zaidi kwa kazi ileile. Anamfuata bosi. Bosi anajitetea kwamba yule alikuwa na familia ya kulisha. Watu wakacheka, ila waliyemcheka ni bosi, kwa jinsi alivyojikanyaga. Waandishi wa kipindi kile walikuwemo wanawake, kama Treva Silverman, nao hawakuhitaji kusimuliwa mshahara wa mwanamke unavyojadiliwa. Hebu fikiria sehemu moja ya komedi yetu ambapo dada wa kazi anaketi na mama mwenye nyumba kupatana nyongeza, na mama anajikanyaga vivyo hivyo. Ningeiangalia mara mbili.

Sasa ushauri. Usiseme mbele ya watoto, wala usiseme komedi ikiwa inaendelea. Subiri mkiwa wawili, labda mnachambua mchele. Sema neno moja tu: "Mama, naomba watoto waniite jina langu." Usitaje televisheni, maana ukiitaja mtaanza kubishana kuhusu televisheni. Umesema ni watu wema, basi hilo litamtosha. Akikuuliza kulikoni, hapo ndipo umweleze na la lafudhi. Lafudhi yako ni ya Wahehe, watu wa Mkwawa, waliowashinda Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891. Watoto hao hao watafundishwa habari hiyo darasani. Haifai wamheshimu Mkwawa mchana na jioni wamcheke mjukuu wake anayewapikia.

Na ujue haki zako, hata kama huna ugomvi na mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakuhusu nawe: una haki ya saa 24 za kupumzika kila wiki. Wafanyakazi wa majumbani wametajwa kwenye amri ya kima cha chini cha mshahara, na wana chama, CHODAWU. Weka jina hilo kichwani.

Mama mwenye nyumba, kama unasoma hapa, binti hakukusema vibaya popote. Alianza barua kwa kukusifu.

*

Shangazi, habari za kazi. Mimi ni mfanyabiashara wa mbao Makambako, nimeoa, nina watoto wanne. Nikirudi nimechoka napenda kuangalia vichekesho. Kuna mmoja mume anampiga mke makofi kila mara na mke anakimbia huku kanga imefunguka. Mke wangu akiona hiyo anazima televisheni au anaondoka. Mimi sijawahi kumpiga hata siku moja. Makofi yale ni ya uongo, ni vichekesho tu. Kwa nini ananiharibia starehe?

Nzuri, baba, na pole na uchovu wa mbao. Nakuamini uliposema hujawahi kumpiga, na nakupongeza kwamba umeandika badala ya kugomba naye.

Jaribu jambo moja. Kipindi kikija tena, zima sauti. Angalia kofi bila kile kicheko kinachofuata. Kicheko hicho kwenye komedi nyingi hakikuchekwa na mtu yeyote aliyekuwepo. Fundi wa sauti wa Marekani, Charley Douglass, alitengeneza mashine ya vicheko vilivyorekodiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na toka hapo vituo vya dunia nzima vikajifunza kumwambia mtazamaji acheke lini. Ukikiondoa kinabaki nini? Mwanaume anampiga mwanamke, naye anakimbia.

Utaniambia vichekesho vya zamani vilikuwa hivyo. Si vyote. Mwaka 1955 na 1956 kulikuwa na The Honeymooners, habari za dereva wa basi wa New York mwenye hasira, ambaye kila akishindwa hoja anamkunjia mkewe ngumi na kutishia kumrusha mpaka mwezini. Mimi siipendi hiyo ngumi. Ila hata huko haikumfikia mke. Mke anasimama palepale, anamtazama, na mwishoni anayeomba msamaha ni mume. Sisi tumechukua ngumi tukaacha sehemu ya mke kusimama.

Hapa kwetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko au kipigo. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Hata hivyo utafiti wa taifa wa afya ya uzazi wa 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake, na asilimia 40 ya wanaume, wanaokubali kwamba ziko sababu zinazompa mume ruhusa ya kumpiga mke: kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, mambo ya namna hiyo. Wanawake kuliko wanaume, baba. Sisemi komedi ndiyo iliyowafundisha. Wengi walifundishwa na nyumba walizokulia. Komedi inakuja baadaye na kuwaambia kwamba walichokiona utotoni ni kitu cha kuchekesha.

Kwa hiyo ukiuliza mkeo ana nini, mwulize mwenyewe. Usimwulize kwa nini anazima televisheni. Mwulize anapoona kofi lile anamkumbuka nani. Halafu unyamaze umsikilize, hata kama jibu litachukua usiku mzima. Nawafahamu wanawake wa rika langu ambao hawajawahi kuulizwa swali hilo na waume zao. Na starehe yako utaipata tu, vichekesho visivyo na kofi vipo vingi.

*

Shikamoo Shangazi. Sisi ni kikundi cha sanaa Tukuyu, vijana saba, wasichana watatu. Tunarekodi vichekesho kwa simu na kuviweka YouTube. Mwenzetu mmoja wa kiume anavaa gauni na kujaza nguo kifuani, anacheza mama mkwe mkorofi, na hiyo ndiyo inapata watazamaji. Mimi ni msichana na ndiye ninayeandika. Nimechoka na mama mkwe huyu lakini sina mwingine. Nifanyeje?

Marahaba, mwandishi. Uchovu wako umenifurahisha.

Tunapocheka mwanaume aliyejaza nguo kifuani, mara nyingi tunacheka kifua, na kifua hicho ni chenu ninyi watatu. Mnao wasichana, wapeni nafasi. Mwenzenu wa kiume apewe baba mkwe, ataweza.

Kisha kila unapoandika mwanamke, andika kwanza juu ya karatasi anataka nini siku hiyo. Iwe kitu kinachoshikika. Lucille Ball alichekesha Marekani nzima kati ya 1951 na 1957 katika I Love Lucy kwa sababu Lucy alikuwa anataka kupanda jukwaani na mumewe mwanamuziki anataka abaki nyumbani. Vituko vyake vyote vilitoka kwenye kutaka kwake. Ndani ya kipindi hicho hicho mume alikuwa akimlaza mapajani na kumchapa kama mtoto, na hilo usiliige kamwe. Ila nyuma ya kamera mambo yalikuwa mengine: mwaka 1962 Lucille mwenyewe alinunua hisa za aliyekuwa mumewe katika kampuni yao ya kutengeneza vipindi, Desilu, akaiongoza yeye.

Usiazime mama mkwe wa mjini. Kwenu Unyakyusa kuna mila ambayo mwandishi yeyote angeililia: mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akimwona njiani anapisha, anajificha, anageuka. Siku hizi wengi hawaifuati kwa ukali wa zamani, wengine bado. Sasa mpandishe mkwe huyo kwenye Coaster ya Tukuyu kwenda Mbeya, siti imebaki moja, na pembeni yake ameketi baba mkwe. Kondakta anapiga kelele akae. Ana ndoo mbili za maparachichi na mteja anamsubiri Mwanjelwa, akichelewa hela imekwenda. Baba mkwe naye anaona aibu kama yeye, anajifunika uso kwa kofia. Hakuna mjinga hapo, hakuna mkorofi, na abiria wote wanataka kujua itakuwaje.

Ila mkwe apate hela yake. Usimalize kwa maparachichi kumwagika barabarani na watu kumcheka, maana mkono utakuvuta huko. Atafuta njia, na njia hiyo iibuni ninyi wasichana watatu kabla ya kuwaonyesha wavulana. Rekodini ndani ya Coaster yenyewe ikiwa imesimama stendi, mapema kabla abiria hawajajaa, na mwombeni dereva azime injini. Simu haitasikia maneno yenu ikiwa inanguruma.