Ukitaka Marafiki, Kimbia na wa Mwisho

Wengi wanaoniuliza kuhusu mbio ndefu huanza na viatu. Mimi huwaambia waanze na watu. Kujiandaa kwa kilomita 21, sembuse 42, ni kazi ya miezi, na kwa joto hili la Mombasa aliye peke yake huchoka roho kabla ya miguu.

Joto letu si la kuchezewa. Mwaka 2007 mbio za nyika za dunia zilifanyika hapa hapa, kwenye uwanja wa gofu, na Kenenisa Bekele, bingwa aliyekuwa hashikiki, akaachia njiani. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeshinda. Hewa yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki mwilini, basi mwili haupoi. Kwa hiyo sisi wa kawaida hatuna budi kwenda polepole, na mimi nashukuru, kwa sababu mwendo wa polepole ndio wa mazungumzo.

Basi ushauri wangu wa kwanza: usichague kundi kwa kasi yake, tazama linavyomtendea wa mwisho. Sisi hukutana barabara ya Mama Ngina, kando ya bahari penye mibuyu, kabla jua halijachomoza. Wa mbele wakifika mwisho wa barabara hugeuka wakamfuata wa nyuma. Juzi alikuja mama mmoja mgeni, kila akifikiwa anaomba radhi kwa kuwachelewesha watu. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa bandarini, akapunguza mwendo akawa naye bega kwa bega. "Watoto wanasoma wapi, mwanangu?" Walipomaliza walikuwa wameshaulizana ukoo mpaka Lamu, na yule mama hakuomba radhi tena.

Mkikimbia sambamba hamtazamani usoni, na nadhani ndiyo maana watu hufunguka. Nimewasikia wanaume wakisema huko mambo ambayo barazani wasingeyagusa: kazi iliyokatika, ndoa inayosumbua, mtoto asiyepokea simu. Hapo usikimbilie kutoa nasaha. Endelea kukimbia naye, sikiliza.

Mkimaliza, usirukie matatu. Kaa. Kunywa dafu, agiza mahamri na mbaazi, tazama meli zikiingia bandarini. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko kilomita zote za asubuhi, na wanaoikosa kila wiki hubaki wageni hata wakikimbia nasi mwaka mzima.

Ramadhani ikiingia tunahamia usiku, baada ya tarawehe. Wenzetu Wakristo nao huhama pamoja nasi, ingawa wao hawana sababu ya kuacha asubuhi yao. Hilo hunigusa kila mwaka.

Na mtu akikosekana, mpigie simu. Usingoje wiki ya tatu. Mama yangu alipofariki, watu wa mbio walifika kabla ya baadhi ya jamaa. Wanaume walibeba viti na kufunga turubai, wanawake wakaingia jikoni na wakakaa mpaka matanga yakaisha. Wengine nilikuwa sijui hata majina yao kamili.

Huna kundi karibu? Wawili wanatosha. Jirani, mfanyakazi mwenzako, shemeji. Wanawake hasa, msitoke gizani mmoja mmoja, pitianeni majumbani. Walio Nyali na Bamburi wana pwani: maji yakipwa mchanga huwa mgumu na mguu hauzami. Ila kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ya leo si ya kesho. Itabidi mpigiane simu kila jioni kuulizana maji yatakuwaje, na simu hiyo, mtaona, haiishii kwenye maji.