Lenzi yako inatosha, sokwe msimsogelee

Swali: Sisi ni walimu hapa Fort Portal, likizoni tunakwenda hifadhi ya Kibale kupiga picha za sokwe. Nina lenzi ya milimita 70–200 inayofunguka hadi f/2.8, yaani tundu pana la kupitisha mwanga. Dereva mmoja wa watalii anasema ni fupi, ila tukimpa mwongozaji kitu kidogo atatusogeza hadi mita tatu, na flashi itamaliza giza. Mwenzetu ana mafua kidogo. Je, panadol na barakoa zitamtosha?

Jibu: Mwalimu, lenzi hiyo ndiyo ningekuchagulia. Msituni tunapungukiwa na mwanga kuliko urefu wa lenzi. Iache wazi kwenye f/2.8, panda ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 3200 hata 6400 bila woga, kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Manyoya meusi huidanganya kamera: inaongeza mwanga, na majani ya nyuma yanatoka meupe pe. Punguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Flashi iacheni nyumbani, hairuhusiwi.

Hilo la mita tatu ndilo linaloniudhi, maana nalisikia kila msimu. Watu wanadhani umbali wa mita 10 ambao mgeni hutakiwa kukaa mbali na sokwe uliwekwa ili mgeni asing'atwe. Uliwekwa hasa kumlinda sokwe dhidi ya pumzi zetu. Mwaka 2013, humohumo Kibale, kundi la sokwe la Kanyawara lilipatwa na rhinovirusi C, kirusi cha mafua ya binadamu, wakafa sokwe 5 kati ya 56. Kwa mtu mzima ni kamasi za siku chache tu. Wao walikohoa hadi kufa. Na jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka mitano au sita, kwa hiyo pengo hilo halizibiki upesi. Panadol inashusha homa, kirusi kinabaki palepale, na barakoa haimpi mgonjwa ruhusa ya kuingia. Mwenzenu asiende mpaka apone.

Anayekuuzia ukaribu ni tapeli, hata akikuonyesha simu iliyojaa selfi za wateja wake. Bwindi, kwenye msitu wa gorila, nako wapo wa aina hiyo, wanaahidi kumshikisha mtu gorila mkono, ilhali gorila wa milimani waliobaki duniani ni elfu moja na ushee tu. Msimpe hela yoyote. Vibali chukueni Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, na mkifika Kanyanchu, kituo cha wageni cha Kibale, yeyote anayekohoa aseme mwenyewe kabla askari hajamuuliza.