Mjue Utitiri Kabla Hujamlenga

Msimu wangu wa kwanza wa kupiga picha za utitiri niliwaua wasiostahili. Majani ya maharage yalikuwa yamepauka, yamejaa vidoa vyeupe kama yamenyunyiziwa unga, na upande wa chini kulikuwa na utando mwembamba. Nikapiga picha chache haraka, nikaona vitone vyekundu vikikimbia huku na huku, nikajiambia huyu ndiye utitiri mwekundu. Nikakoroga maji ya sabuni nikaosha mche hadi mche.

Usiku nilizifungua picha na kuzikuza. Wale wekundu walikuwa na umbo la tone la maji, mgongo unaong'aa, miguu mirefu. Mmoja alikuwa ameinamia yai la duara analifyonza. Huyo ni Phytoseiulus persimilis, utitiri mwindaji, ambaye maisha yake yote ni kula utitiri waharibifu. Na waharibifu wenyewe walikuwa pembeni yake, wametulia, rangi ya kijani inayoelekea njano, na doa jeusi kila ubavu. Jina la utitiri mwekundu lilinipoteza. Mharibifu huyo, Tetranychus urticae, anayeshambulia maharage na mamia ya mimea mingine, muda mwingi si mwekundu hata kidogo. Majike wake hugeuka rangi ya chungwa wanapojiandaa kupumzika msimu mbaya.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue lenzi gani, namwambia kwanza ageuze jani aliangalie kwa kioo cha kukuzia, robo saa nzima, bila kamera. Namaanisha. Mambo mengi tunayohangaika kuyatatua kwa vifaa, utitiri mwenyewe anatutatulia tukijua anaishi vipi.

Ila vifaa navyo tuvizungumze, maana udogo wa kiumbe huyu si wa mchezo. Jike wa Tetranychus ana urefu wa takriban nusu milimita. Ukitumia lenzi ya makro ya kawaida, ile inayotoa taswira yenye ukubwa sawa na kitu chenyewe, kwenye sensa ya kamera (kile kibapa kinachopokea picha) yenye upana wa milimita 36 atachukua sehemu moja tu kati ya 72. Hapo utapata kitone. Unahitaji ukuzaji wa mara 3 hadi 5. Mimi nilianza kwa kuunganisha lenzi mbili uso kwa uso: lenzi ya milimita 200 kwenye kamera, na mbele yake lenzi ya milimita 50 iliyogeuzwa. Gawanya 200 kwa 50, unapata ukuzaji wa mara 4. Pete ya kuziunganisha ni kitu kidogo tu, na lenzi kuukuu isiyojiendesha inafaa kabisa.

Ukifika hapo utakutana na tatizo ambalo ndilo hasa la kazi hii. Eneo linaloonekana kali linakuwa jembamba mno, chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita ukiacha tundu la lenzi wazi kiasi. Macho yakiwa makali, mgongo umefifia. Wengi wetu hukimbilia kubana tundu, nami nilifanya hivyo miezi mingi. Lakini kwa lenzi iliyowekwa juu ya mirija ya kurefusha, ile inayokaa kati ya lenzi na kamera, f/16 (kipimo cha tundu: namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo) kwenye ukuzaji wa mara 4 hufanya kazi kama f/80 hivi, na mwanga ukipita katika kitundu kidogo namna hiyo hutawanyika, picha nzima inalainika. Ni heri tundu la wastani, upige picha nyingi ukisogeza kamera kidogo kidogo mbele, kisha programu ya kompyuta iziunganishe kuwa moja.

Sasa utasema: nitapigaje picha thelathini za kiumbe kimoja wakati anakimbia? Hapa ndipo kumjua kunapolipa. Utitiri wa aina hii huanza kama yai, akatoka mtoto mwenye miguu sita, kisha hupita hatua mbili za ujana akiwa na miguu minane, ndipo akawa mpevu. Kabla ya kila hatua hutulia tuli kujichuna ngozi. Hali chochote, hatembei, na hewa inapoingia chini ya ngozi kuukuu anang'aa kama fedha. Huyo ndiye wa kumtafuta.

Mara nyingi utamkuta hayuko peke yake. Jike akiwa katika utulivu wa mwisho, dume humganda akimlinda, kwa sababu dume wa kwanza kumpanda ndiye atakayerutubisha karibu mayai yote yatakayorutubishwa. Asiporutubishwa bado atataga, ila mayai hayo yatatoa madume tu. Nakumbuka jozi moja chini ya jani, karibu na mshipa mkubwa. Dume, mdogo kuliko jike na aliyechongoka nyuma, alikuwa ameweka miguu ya mbele juu ya mgongo wake. Akatokea dume mwingine. Yule wa kwanza akageuka, wakainua miguu ya mbele wakasukumana kama mabondia, huku jike hata hajatikisika. Mgeni akaondoka. Mwenyeji akarudi palepale, miguu ileile juu ya mgongo uleule. Baadaye ngozi ya jike ikapasuka kwa upana katikati ya mgongo. Nilikuwa na picha za kutosha kabla ya hapo, kwa sababu tu nilijua kwamba watakaa.

Kuhusu mahali pa kulenga: Tetranychus ana madoa mekundu ya macho kila upande wa sehemu ya mbele. Lenga hapo. Yule mwindaji hana macho kabisa. Huongozwa zaidi na harufu, ikiwemo ile inayotolewa na majani yenyewe yakishambuliwa. Kwake lenga mahali sehemu za kinywa zinapoanzia. Na ukitaka kujua kama jani lina walinzi kabla hujaosha chochote, tazama mayai: ya mharibifu ni duara kamili, ya mwindaji ni marefu kidogo na makubwa takriban mara mbili. Laiti ningelijua hili mapema.

Flashi ni ya lazima, kwani mwako wake mfupi unagandisha mtikisiko wa mkono. Iweke kwenye nguvu ndogo, mwako unazidi kuwa mfupi. Kati ya flashi na jani weka karatasi nyeupe nyembamba, pana, karibu na jani kadiri inavyowezekana. Bila karatasi hiyo migongo inayong'aa itatoa vidoa vyeupe vilivyoungua. Mkono unaoshika kamera na unaoshika jani viguse kitu kimoja, hata kama ni goti, ili vikitikisika vitikisike pamoja. Na usipumue kuelekea kwenye jani.

Kuna wanaowatia utitiri kwenye jokofu ili wapooze. Mimi sifanyi. Mnyama aliyepoozwa hukunja miguu na kusimama vibaya, na unaliona hilo pichani.

Ukiona wa majani wanakushinda mbio, chimbua majani yanayooza chini ya miti. Humo wanaishi utitiri wenye gamba gumu, Oribatida, wanaokula kuvu na mabaki ya mimea na kusaidia kuyageuza kuwa udongo. Wanatembea polepole. Wapo wa aina inayojifunga kama sanduku: akishtuka anaingiza miguu yote ndani, anashusha kichwa kama mfuniko, na kilichobaki mbele yako ni kitu kama mbegu ya kahawia. Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani ni mbegu kweli, nikataka kumpuliza.

Mwachie. Punguza mwanga wa tochi, tuliza mikono yako, weka jicho kwenye kamera na kidole kwenye kitufe. Huweza kuchukua dakika kadhaa. Mfuniko huinuka kidogo, mguu mmoja unatoka unapapasa hewa, kisha wa pili. Bonyeza wakati wa ule wa pili.