Nikivuta pumzi moyo unakimbia: ni ugonjwa?

SWALI: Shikamoo, Bibi Muuguzi. Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 22. Usiku nikikosa usingizi hujishika mapigo ya mkononi. Nikivuta pumzi yanakimbia, nikiitoa yanapungua. Nahofia moyo wangu una hitilafu. Mama yeye husema tu, "Pumua taratibu, utatulia." Kweli pumzi na moyo vinahusiana? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huna hitilafu. Kwa umri wako hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mjerumani Carl Ludwig alilieleza tangu mwaka 1847.

Kwenye shina la ubongo, juu kidogo ya uti wa mgongo, seli zinazoendesha pumzi zinapakana na zile zinazotuma amri moyoni kupitia neva ya vagasi. Neva hiyo ndiyo breki ya moyo. Ukivuta pumzi, breki inalegezwa. Ukiitoa, inakazwa tena. Anayerefusha kutoa pumzi anaipa breki nafasi, kwa hiyo mama yako anasema kweli.

Na si moyo peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliondoa kikundi kidogo cha seli, kama 175 hivi, kwenye kituo cha pumzi cha ubongo wa panya. Panya waliendelea kupumua, ila wakatulia ajabu: badala ya kuhangaika wakinusanusa mahali pageni, walikaa wakijisafisha manyoya. Kumbe seli zile ndizo zilizokuwa zikipeleka habari za pumzi kwenye sehemu inayouamsha ubongo na kuuweka macho.

Miaka yangu ya wodi ya wazazi nimewaona kina mama wakibana pumzi uchungu unapopanda, wakachoka mapema. Nilikuwa nikiwashika mkono, tunahesabu pamoja wanavyotoa. Sikuwahimiza wavute kwa nguvu, maana kuvuta kwa pupa huleta kizunguzungu.

Nawe fanya hivyo kitandani: vuta hadi nne, toa hadi sita, kwa dakika tano. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Mwaka 2001 watafiti wa Italia walikuta wanaosali rozari kwa Kilatini wakishuka kwenye mwendo huohuo. Nadhani wavuta tasbihi wanaijua hali hiyo.

Lakini mapigo yakirukaruka bila kufuata pumzi, kifua kikiuma au ukizimia, usibaki kitandani ukihesabu. Nenda hospitali upimwe moyo.