Oksijeni huja baadaye
Ndugu yangu, umeuliza kama seli huhitaji oksijeni tangu inapoanza kuvunja sukari. La. Hatua ya kwanza, glikolisisi, hufanyika kwenye saitoplazimu (ute wa seli ulio nje ya kiini) bila oksijeni: glukosi moja yenye kaboni 6 hugawanywa kuwa piruveti 2 (molekuli zenye kaboni 3 kila moja), na faida ni ATP 2 tu, yaani molekuli zinazobeba nishati ya seli. Kidogo mno! Mavuno makubwa yako ndani ya mitokondria, sehemu ndogo za seli zinazozalisha nishati. Huko kaboni hutoka kama kaboni dioksidi, oksijeni hupokea elektroni mwishoni na kuwa maji, na jumla hufika ATP 30 hivi. Hamira katika unga wa mahamri yetu ya Mombasa, ikikosa hewa, huambulia zile 2 tu, ikitoa gesi inayoumua unga na alkoholi kidogo (nyingi hupotea kwenye mafuta ya moto, usihofu).