Buibui kabeba watoto mgongoni, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Wiki mbili zilizopita kijana wangu wa darasa la sita alikamata buibui mkubwa wa rangi ya udongo nyuma ya banda la kuku, sio wale wa kutanda utando darini, huyu ni wa kukimbia chini, na kwa nyuma alikuwa anaburuza kadonge keupe kama kidonge cha dawa. Tukamweka kwenye ndoo tupu ya rangi. Jana asubuhi nafunua naona mgongo kama umeota manyoya, kumbe watoto! Kijana kagoma nisiwamwage, anataka kuwafuga. Sasa wanakula nini, mama yao hatawatafuna? Na wawili watatu wameshaanguka. – Mama Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba Mama Wawili. Usimwage mtu. Kale kadonge ndio kifuko cha mayai, na mama mwenyewe ndiye aliyekapasua kwa meno yake maana wale watoto peke yao kutoka ni kazi. Kwa sasa usiwape chakula chochote, watakaa mgongoni kama wiki hivi, wengine zaidi, wanaishi kwa akiba ya kiini cha yai waliyotoka nayo. Wanachotaka ni maji tu, pulizia matone machache ukutani mwa ndoo, sio kisahani cha maji, watazama. Mama mpe panzi mdogo, kwa kawaida mama hali watoto wake wakiwa mgongoni.

Walioanguka wasikutie presha, wasogezee kijiti karibu na mguu wa mama watapanda wenyewe. Kuna Mfaransa mmoja wa zamani, Fabre, aliwapangusa watoto kwa brashi wakaangukia karibu na mama mwingine, wakampanda huyo huyo na yeye akawabeba bila neno!

Shida inaanza wakishuka. Wakishaanza kutawanyika kwenye ndoo ujue undugu umeisha, wanalana. Mimi mwaka mmoja nilikuwa nao zaidi ya hamsini, nikasema nitawatenganisha Jumamosi, ukatokea msiba nikasafiri, narudi baada ya siku kumi nakuta tisa, wamenona hao.

Kwa hiyo chagua watano sita tu, kila mmoja kichupa chake cha plastiki cha dawa, kioshe vizuri, weka udongo kidogo wenye unyevunyevu. Kifuniko toboa kwa sindano. Usifunike kwa kipande cha chandarua, kwanza kina dawa halafu hawa wadogo wanapita kwenye matundu kama mlango wa sokoni.

Chakula: weka ndizi iliyoiva sana kwenye chupa ya wazi, vile vinzi vidogo vitajaa vyenyewe. Funga, tia kwenye friji dakika tatu nne vizubae, kisha mwagia viwili vitatu kwa kila kichupa, rudia kila baada ya siku mbili tatu. Mchwa wadogo pia wanafaa ila sio wale askari wenye vichwa vikubwa, watamng'ata mtoto wa watu. Kadiria mdudu asizidi tumbo la buibui. Na chumba mnachopulizia dawa ya mbu usiwaweke kabisa, wala usiwape wadudu waliotoka humo.

Ukimwona mmoja kagoma kula na kajikunja pembeni, anajiandaa kujivua ngozi, mwache, toa mdudu aliyebaki humo.

Waliobaki waachie jioni kwenye majani, mbali na lile banda la kuku tafadhali. Kijana asimshike mama kwa mkono, sumu yake kwa mtu sio ya kutisha lakini kuuma anauma.

Halafu mama msimtupe. Akishapandwa mara moja anatunza mbegu, anaweza kutaga tena bila kuona dume, kwa hiyo akianza kusuka kitambaa cheupe chini, kijana aanze kuokota vichupa vingine.